Nilituma Pua Yangu Goma kwa Jina la Uongo

Mama Adrienne mupendwa wa redio, nisaidie mbele ya siku ya ine, Alhamisi. Miye ni Vestine, infirmière, muuguzi, karibu na Kashuga, na tangu Covid ianze njo miye naingizia bagonjwa kijiti ya kupima mu pua, natuma na moto, pikipiki, mupaka labo, maabara ya Goma, kule banaangalia ni aina gani ya virusi iko natembea kwetu, na majibu ananipigia Isidore wa labo, Mama, ile sauti! Wakati ya Delta alikuwa ananiambia, "Vestine, hii iko mubaya, vaa barakoa, nakuomba," na miye nacheka peke yangu mu cour, pale inje, kama mwehu. Kisha bagonjwa bakapungua, simu ikanyamaza wiki tatu, njo nikafanya ujinga: nilijiingizia kijiti miye mwenyewe, nikaandika "Mukamurenzi, mama wa camp ya bakimbizi," nikatuma, juu tu anipigie. Akapiga! "Vestine, ni Omicron! Ya kwanza kwa zone yenu! Siku ya ine nakuja kuona Mukamurenzi na batu bote benye alisalimia." Anakuja, Mama! Nimesuka nywele! Lakini Mukamurenzi haiko mu hii dunia. Nifanye nini?

Vestine, hii barua haikungojea emission, kipindi yetu. Miye Mama Adrienne nilikupigia simu palepale, nikakufokea, na umeniruhusu nitaje jina lako. Basi batu basikie: virusi ni ya kweli, pua ni yako, jina tu njo uongo. Unapenda, sawa, nani hakupenda? Lakini ulikaa masaa tatu mbele ya musukaji na Omicron! Na Isidore alikuwa apite barrière zote za barabarani toka Mubambiro, pale inje ya Goma, na hizi risasi za vita, kutafuta hema ya mama mwenye hakuzaliwa! Nilikuambia, "Mupigie sasa." Ulimupigia. Akasema, "Ulinikosesha sana. Nitasahihisha jina. Na wewe, unapumua vizuri?"

Sasa sikia. Jifungie nyumbani. Leo hii ambia mukubwa wako wa kazi kila kitu. Musukaji na bagonjwa benye uligusa, bote bapimwe. Jina la uongo, usiandike tena hata siku moja.

Isidore anasema atakuja ukipona, kama barabara iko na usalama. Mupeleke moja kwa moja kwa baba yako, muchana, batu bote bakiona. Muntu mwenye anafuata virusi mupaka Kashuga hatashindwa kusema kwa baba yako anakutaka.