Mufupa ya Kutoka mu Ngozi

Likasi, 14 Machi 1999

Kwako yaya Ghislain, kaka yangu mukubwa,

Jambo sana, yaya. Afya yako iko namna gani huko Liège? Baridi imepunguka? Sisi hapa tuko, Mungu anatuchunga. Baba angali anaenda kazini kila asubuhi hata kama mushahara haiji. Anasema mashini ya kiwanda ikiachwa peke yake itakufa.

Barua yako ilifika na padri Fidèle. Mama aliisoma, kisha akamuita jirani Claire aisome tena, sababu alitaka kuisikia na sauti ingine. Ulituandikia kwamba mu laboratware yenu, pale munachunguza mambo ya mwili, banakata kipande kidogo ya ngozi, banakuza seli zake, banazifundisha kazi ya mufupa, kisha banazipanda mu muguu ya panya, na mufupa inaota pale ilipokosekana. Ukasema nikatae kukatwa muguu, ngozi yangu mwenyewe itakuja kuziba pengo ya mufupa. Claire alipiga vigelegele. Mama akaanza kunipaka mafuta ya mawese kila jioni, eti ngozi isizeeke mbele ya wakati.

Lakini yaya, tangu jiwe ya Kakontwe, kule tunaponda mawe, iniangukie mu muguu, usaha haikukauka. Dokta Philippe alitoa mufupa yenye kuoza, pengo ikabakia, homa ikarudi. Nilimuuliza kama mambo ya panya ni kweli. Hakucheka. Alisema ni kweli, lakini kwa muntu bado miaka mingi, na damu yangu imeanza kuharibika. Mama alimukatalia kabisa: mutoto wake hatakatwa, yaya yake iko anatengeneza mufupa.

Sasa nikuambie yenye mama hakuthubutu kukuandikia. Nilimutuma mama aende mutaa ya Kamatanda kwa shangazi Delphine, nikadanganya kwamba natamani samaki. Alipoondoka, nikamuita dokta, nikamuambia: "Kata leo." Muguu haiko tena, yaya, kuanzia goti. Mama aliporudi alinipiga kofi, kisha akapanda kitandani akanikumbatia. Ni minye niliamua. Hapana dokta, hapana barua yako.

Homa imeisha. Natembea na magongo mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, na juma ijayo narudi Kakontwe. Mawe banaponda na mikono.

Weye usiache ile kazi. Mu hospitali nililala pamoja na benye kuvunjika wengi, na bengine bako na wakati wa kungoja. Minye sikuwa nao.

Siku utakuja, usitazame chini kwanza. Tazama uso yangu.

Mama na baba banakusalimia sana, na Claire pia. Bakia na Mungu.

Ni minye mudogo wako,
Viviane