Elia Huja na Kidonge

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kidonge baada ya nsima, ugali wa huku Malawi, siyo kabla. Jana nilikimeza tumbo tupu nikatapika nyuma ya jiko. Jirani akaniuliza kama nina mimba. Kwa umri wangu huu! Daktari wa Area 47, Lilongwe, kasema wiki hii ya kwanza ya dawa niendelee kuvuta sigara, Jumatatu ijayo niache kabisa. Basi navuta kama mtu anayeaga.

Neema, binti yangu, hajalegea. Ana mimba ya miezi sita, na neno lake ni lile lile: "Mama, mutoto wangu hautamubeba na ile harufu." Niliyemzaa mwenyewe ananiwekea masharti. Nina hasira. Lakini ana haki.

Jumatatu, 10 Juni

Leo basi. Pakiti nimempa wifi Mama Sifa akaitupe chooni. Baridi. Nimekaa kwenye cherehani. Nimeshona mkono wa gauni ndani nje. Nimefumua. Nimeshona tena vibaya vile vile.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwona Elia.

Tangu tupotezane njiani tukikimbia vita kutoka Fizi, Kongo, uso wa mume wangu ulinitoka. Picha ziliungua na nyumba. Miaka yote hii nakumbuka shati tu. Usiku nimeuona uso wote, kovu la kidevuni, jino lililokaa upande. Alikuwa anabishana nami juu ya mabati. Kisha akawasha sigara moja tukavuta kwa zamu, kama zamani. Nimeamka nikanusa vidole. Havinuki kitu. Nimelia mpaka wifi akagonga ukuta.

Jumapili, 16 Juni

Anakuja kila usiku sasa. Nilimwambia wifi. Kosa langu, mdomo wake hauna mlango. Leo kanisani akasimama mbele ya watu: "Kaka yangu iko muzima! Njo anamuita muke wake!" Akina mama wa maombi wameanza kufunga. Elia hatukumfanyia matanga, kwa sababu hakuna aliyeona mwili. Sasa wifi anapakua sahani moja ya ziada. Na mimi sijaikataza.

Alhamisi, 4 Julai

Lilongwe. Kibali cha kutoka kambini kilichelewa, nikafika na roho juu. Njiani gari letu lilikwama nyuma ya lori la tumbaku la Mponela, marobota yananukia mpaka ndani. Mate yakanijaa mdomoni. Nikatafuna tangawizi hadi machozi.

Nilimuuliza daktari kuhusu ndoto. Muuguzi, Mrundi, akatafsiri. Daktari akacheka. Kasema ni tabia ya dawa hiyo, wengi huota ndoto kali wakiimeza.

Nilitaka kumpiga. Kumbe si Elia, si Mungu. Ni kidonge. Nikasema zikomo, asante ya huku, nikatoka.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemwambia wifi ukweli. Alichambua upya maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Halafu: "Basi kunywa tu, wifi. Mi sina kidonge. Umusalimie."

Nikavuta ungo, nikachambua naye.

Jumanne, 20 Agosti

Daktari amekataa. Dawa inaisha wiki hii na hataandika nyingine. Kasema nimepona. Ni kweli, hamu ya sigara imekwisha, moshi wa jirani unanichefua. Mbona basi nimerudi nimepakiwa kwenye kabaza nikinung'unika njia nzima hadi kijana wa baiskeli akaomba radhi kwa mashimo?

Nimewaza jambo baya. Nikivuta tena, atanirudishia dawa. Wifi nimemwambia. Hakunikataza. Hakunituma.

Alhamisi, 29 Agosti

Vidonge vimekwisha. Usiku mtupu. Jana mtupu, juzi mtupu. Uso umeanza kwenda, kovu sijui lilikuwa kulia au kushoto.

Nimenunua sigara moja dukani. Nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Kiberiti kiko jikoni. Najichukia.

Jumamosi, 31 Agosti

Neema amejifungua jana. Mvulana. Tumekwenda kwake na wifi asubuhi, tumebeba uji.

Neema alininusa kwanza. Vidole, nywele, mdomo. Kisha kitenge. Pua yake ikaishia kwenye pindo, akanitazama. Nikafungua fundo mbele yake. Sigara nzima, haijaguswa na moto.

Wifi ndiye aliyeichukua. Aliishika kitambo. Kisha akaifumua kwa kucha polepole, kama mshono, tumbaku yote ikamwagikia kwenye majivu ya jiko.

"Tumufanyie kaka matanga," akasema.

Neema akalia. Halafu akanipa mtoto. Hana kovu, hana jino. Mzito kuliko nilivyodhani. Nimembeba hadi mikono ikachoka, na wifi alipotaka kunipokea nikamwambia angoje kidogo.