Nilikalia Sanduku Lako

Kisimba, mutani wangu,

Usigeuke huko kaburini, ni mimi tu, yule uliyemwita kichwa cha mukebuka, yule samaki wa ziwa letu. Nimeandika mwenyewe, bila kumuomba muntu musaada. Ungeuona mwandiko huu ungefunga mudomo. Muntu wa darasa la tano, kumbe!

Siku ya kukuzika watu wa chama walikuja na bendera. Kiongozi wao wa vijana akasimama karibu na shimo, akasema ulikata roho ukiita jina la chama. Ee! Mimi si nilikuwa pale kitandani kwako? Homa ilikushika, ukaomba mukebuka wa kuchoma na bukari, ule ugali wetu, ya moto, ukasema chumvi isikosekane. Basi. Roho ikakatika.

Nikakumbuka vile tulikuwa tunakaa kwenye ule ukuta wa bandari, ukitoka kazi biro, na kila neno nililolitoa unaliuliza: "Hilo ni kweli, ao umelizoea tu, ao chama kimekuambia?" Nilikuwa nakasirika! Hata utani wetu, wa ukoo wako na ukoo wangu, uliuuliza hivyo. Ukasema ni mambo ya zamani yanayochelewesha inchi. "Siku nikifa, we mujinga, usinikalie sanduku kama watani wa zamani."

Nikakukalia. Niliruka nikaketi juu ya sanduku lako, nikapiga kelele: "Huyu mulafi aliomba samaki! Chama hakukitaja hata kidogo!" Watu wakacheka na machozi yao. Yule kiongozi akanishika shati anivute. Mama yako, aliyekuja toka kijijini Kiambi kukulilia, akasimama: "Mwache. Huyo njo mutani wake. Mutani hafukuzwi kwenye maiti."

Watu wa chama wakakunja bendera yao, wakaenda nayo.

Unaona? Bila ile desturi uliyoicheka, ningepigwa kabla sijamaliza neno la kwanza, na leo muji muzima ungeamini uongo juu yako. Nimekushinda! Mabishano yetu ya miaka yote, nimekushinda siku moja, na wewe umelala.

Lakini hakuna wa kuniambia nimekosea, Kisimba.

Vijana wa chama hawaitiki salamu yangu sokoni. Mama yako amerudi Kiambi. Jioni naenda kwenye ukuta wetu, nakaa upande wangu, wako nakuachia. Jana nilisema kitu kikubwa sana juu ya serikali, kwa sauti, nikangoja uniulize. Ziwa likapiga mawe tu.

Na hili ulikuwa umelifikiri, wewe mwenye akili? Wa ukoo wako hapa mujini ulikuwa peke yako. Siku yangu ikifika, nani atanikalia? Nani atasema ukweli wangu, kwamba nilikuwa mwoga wa maji, mimi mutoto wa ziwa?

Sawa. Lile swali lako nitaendelea kuliuliza, kwa watu wa chama na kwa wazee, hata juu ya utani wenyewe. Na juu yangu, nikipata nguvu.

Lala, mulafi. Na usimutukane mwingine huko mpaka nifike.

Mutani wako,
Kabwe