Kivuli cha 71 kwenye Ubao wa Nyimbo

Jumamosi, jioni. Mvua ilipiga asubuhi ikakatika, na sasa upepo wa ziwa unaleta harufu ya udongo mbichi hadi hapa Buzuruga. Chai imepoa mezani kwa sababu nimeanza kuandika kabla ya kuinywa. Nina furaha ya kitoto na sina pa kuipeleka, kwa hiyo naileta hapa.

Nimejua kivuli kilikuwa kinatoka wapi.

Nieleze kwa ambaye hajawahi kupita kwenye blogu hii. Mimi na marehemu mke wangu, Mama Kulwa, tulikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na vifaa vya umeme, na bado ninacho. Fundi wa saketi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa wa pasi, spika, waya zilizokatika, na wa kupiga soga na wateja. Kazi yake ya mwisho kabla ugonjwa haujamlaza ilikuwa ubao wa namba za nyimbo wa kanisa letu kule Mkolani. Una tarakimu tatu kubwa za taa nyekundu. Mwalimu wa kwaya anabonyeza namba kwenye kiboksi pale wanapokaa wanakwaya, namba inawaka ukutani, watu wanafungua vitabu.

Ulifanya kazi vizuri hadi kanisa lilipopanuliwa. Ulipohamishiwa kwenye ukuta mpya, juu, vikaanza vivuli. Taa ambazo hazikupaswa kuwaka zikawa zinawaka kwa mbali, hafifu. Ukiwa karibu unatofautisha namba na kivuli. Ukiwa nyuma huwezi.

Jumapili iliyopita namba ilikuwa 71, wimbo wa shukrani. Kivuli cha 7 kikaangukia kwenye 1 na kuifanya nayo ionekane 7. Kivuli cha 1 kikajitokeza kushoto, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Waliokaa mbele wakasoma 71. Wa katikati wakasoma 77. Wa nyuma kabisa, 177. Na kwetu hatungojei kinanda. Mkono wa mwalimu ukishuka, kila mtu anaanza.

Kila mtu akaanza.

Wimbo wa 77 ni wa maziko. Ndio tuliouimba tukimsindikiza Mama Kulwa. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu wanaouimba, mbele yangu ubao alioutengeneza kwa mikono yake, na sikujua nitazame wapi.

Baada ya ibada Mwalimu Ester, anayefundisha kwaya, alinifuata nje huku anajizuia kucheka. "Baba Kulwa, leo tumefungisha ndoa, tumezika na tumeshukuru kwa pamoja. Na sadaka bado hatujatoa." Hiyo ndoa ni ya wimbo wa 177. Nikacheka, nikamshukuru moyoni kwa kunichekesha.

Kisha akaja Mzee Lugembe, mzee wa kanisa anayesimamia jengo. Yeye hakuwa anacheka. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanishika bega. "Baba Kulwa, kazi ya mwenzako tunaiheshimu. Lakini watu wanapotea. Jumapili ijayo ikiwa bado hivi, tunaushusha, tunarudisha cha mbao." Cha mbao ni kile kibao cha zamani cha kuchomeka kadi za namba. Alikuwa ameshakifuta vumbi na kukiegemeza mlangoni.

Sikumlaumu. Lakini nilijua ubao ule ukishushwa hautapanda tena. Ungekaa stoo na viti vilivyovunjika miguu, na siku moja mtu angeng'oa zile taa akapambie pikipiki yake.

Wiki nzima nimehangaika. Mzee Lugembe alidhani ni wadudu wa ziwani wameingia ndani. Kweli niliwakuta, wamekauka, wengi, nikawatoa kwa brashi. Kivuli kikabaki. Nikabadilisha transista zote tatu, zile zinazowasha na kuzima kila tarakimu. Kikabaki. Nikarudia baadhi ya solda, yale matone ya risasi yanayoshika vifaa, na bado kikabaki. Solda zake ni ndogo, zinang'aa, zote sawasawa. Alikuwa akimaliza moja anaipuliza, kama mtu anayepoza chai ya mgeni. Zangu zinafanana na kinyesi cha kuku.

Jana nikaushusha, nikaupakia kwenye bajaji pamoja na kiboksi chake, nikauleta hapa kibandani. Nikauunganisha mezani. 71, safi. Nikajaribu namba nyingine, safi. Jioni nikaurudisha, nikaupandisha ukutani, na kivuli kikawa pale pale kinanisubiri. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Nilidhani Jumapili hii ndio mwisho wake.

Leo asubuhi, mvua ikipiga bati, nilikuwa natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda ndipo nikajiuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Kanisani kuna nini ambacho hapa mezani hakuna?

Waya.

Hapa natumia waya mfupi, kama urefu wa mkono. Kanisani, tangu ubao uhamishwe, waya unatoka kwa wanakwaya, unapanda darini, unavuka jengo zima ndipo unafika. Mvua haikuwa imekatika nilipoondoka. Nilikwenda Mkolani, nikaushusha ubao tena na kiboksi chake, nikaufungua waya wote, nikauvaa begani kama kamba ya ng'ombe, nikarudi na vyote kwa bajaji. Nikaunganisha. Nikabonyeza 71.

177.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuona kitu kibovu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Jirani anayeuza vocha aliuliza kama nimepigiwa simu ya heri.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Kulwa akinieleza, siku moja nilipomuuliza inakuwaje waya chache ziwashe taa nyingi hivyo. Alisema zile tarakimu haziwaki pamoja. Zinapokezana, moja moja, haraka kuliko jicho. "Kama nilivyokuwa nawalisha Kulwa na Doto kwa kijiko kimoja," alisema, akiwataja mapacha wetu. "Huyu, halafu huyu. Ukiwa mwepesi hakuna anayelia." Kisha akaongeza kwamba kazi yote iko katika kufunga mdomo. Kulwa akishapata chake lazima afunge mdomo kabla kijiko cha Doto hakijapita, la sivyo atalamba kisicho chake.

Basi kivuli ni kulamba. Waya mrefu unabakiza umeme kidogo ndani yake hata baada ya transista kuzima. Tarakimu iliyomaliza zamu yake bado ina mdomo wazi, na namba ya mwenzake inapopita, inailamba, inawaka hafifu. Waya ulipokuwa mfupi, umeme wa kubaki ulikuwa mdogo mno, haukuweza kuwasha kitu.

Kuufupisha siwezi, kwaya haihami. Ila naweza kuupa umeme uliobaki mahali pa kumwagika. Nikachukua rizista tatu, vile vidude vya kupunguza umeme, nikaziunganisha nyuma ya ubao, kila moja kutoka waya wa tarakimu yake hadi kwenye hasi. Za kwanza zilikuwa na ukinzani mkubwa mno; kivuli kilififia lakini hakikuisha. Nikaweka zenye ukinzani mdogo zaidi. Kivuli kikaisha, ila nilipogusa rizista iliniunguza kidole. Nikaongeza ukinzani kidogo. Vuguvugu tu. Nikabonyeza 71.

71.

Nilizima taa ya kibanda, nikafunga dirisha, nikaitazama gizani. Kushoto palikuwa peusi kabisa.

Mchana tukaupandisha. Ester alikaa kwenye kiboksi, mimi nikiwa juu ya ngazi, na Mzee Lugembe akasimama mlangoni kabisa, bila miwani, makusudi. Hakutaka namba zetu. Akawa anataka zake. "Weka mia na kumi na saba." Akasoma. "Weka sabini na moja." Akasoma. Akarudi nyuma hadi nje, kwenye matope, akasoma kutoka huko. Ester akaniambia kwa sauti kutoka kule kwenye kiboksi, "Huyu leo atasomea Kigongo, kule kivukoni."

Mzee aliporudi ndani alikung'uta viatu muda mrefu. Kisha akakichukua kile kibao cha mbao pale mlangoni, akakiweka kwapani, akakipeleka stoo mwenyewe. Nilishika ngazi vizuri, maana macho yalikuwa yameshajaa.

Kabla ya kufunga kifuniko niliangalia ndani mara ya mwisho. Solda zake zile, na kati yake zangu mpya, nono, zimekaa upande. Nilifikiri nitaona aibu. Nimezipenda.

Nilimwuliza Ester kesho tunafungua na wimbo gani, nijiandae, maana sijui sauti yangu itakubali. Amekataa kuniambia. Amesema nikae nyuma kabisa, niusome ukutani kama watu wengine.