Vipimo Vinne vya Mnara wa Saa

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Reli.

Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Dakika,

Kabla ya neno lolote, mimi baba yako mkubwa nakusalimu, na nataka kujua hali yako. Kifua kimepona? Ulisema unafanya zamu mbili hospitalini na kwamba chakula cha mchana unakila umesimama. Muuguzi asiyekula atalazwa kitanda cha jirani na mgonjwa wake. Kaa chini ule.

Huku mama yako ni mzima. Anakula kidogo na kuongea kidogo zaidi kuliko anavyokula. Mimi nasumbuliwa na goti la kulia, hasa kwenye ngazi, lakini kichwa bado ni changu. Barua yako ilifika Jumanne, imelowa pembe moja, na inasomeka.

Umeniuliza jambo moja mara mbili katika barua moja: kwa nini baba yako aliacha kupiga tarumbeta miezi mitano kabla ya kufariki. Mwezi wa pili nilikujibu kwamba ni kifua. Futa jibu hilo. Leo ninalo lingine, na nitalieleza kwa mpangilio, kwa sababu nikianza kuruka huku na huku nitapata mahali pa kujificha.

Mwaka jana kiongozi wa bendi ya mji, yule mfupi uliyempa jina la Kijiti ulipokuwa mdogo, alitunga onyesho zima juu ya mji wetu. Alizunguka miezi minne na daftari, akikaa mahali na kusikiliza mpaka askari wakamuuliza anapeleleza nini. Vikatoka vipande vitano: Stesheni, Daraja la Chuma, Soko Kuu, Tangi la Maji na Mnara wa Saa. Kwenye Daraja, mpiga ngoma wetu, ambaye siku za kazi ni muuza nyama, aligonga kipande cha reli kwa nyundo. Kwenye Soko Kuu wote walipiga nyimbo tofauti kwa wakati mmoja, na mama muuza vitunguu alipokuja mazoezini alisema imefanana, ila hakuna aliyepunguza bei. Tulicheka siku zile.

Mnara wa Saa aliutunga kwa ajili ya baba yako. Nani mwingine? Mtu aliyepanda ngazi tisini na sita kila siku ya tatu kwa miaka thelathini na mmoja, akaitia saa ile ufunguo na mafuta, mji mzima ukaamka na kufunga maduka kwa mkono wake. Wewe mwenyewe umepata jina lako kwa kuzaliwa dakika moja kabla haijagonga sita. Katika kipande hicho kengele inagonga mara kumi na mbili, bendi yote inanyamaza, inabaki ngoma tu ikienda taratibu kama saa, pigo moja kila sekunde. Kisha ngoma nayo inanyamaza, na tarumbeta la baba yako linaanza peke yake.

Unaijua kazi yangu katika bendi: mimi ni mnakili. Kijiti huandika kitabu kikuu, nami humwandikia kila mpigaji karatasi yake, mtu na ala yake, kwa wino. Mpigaji anayesubiri zamu yake huandikiwa namba ya vipimo vya kunyamaza, kila kipimo mapigo manne. Akikosa namba amekosa njia. Ndiyo maana kwa miaka yote niliwaambia kwamba sikio ni mlevi, karatasi hailewi. Baba yako nilimkemea mbele ya wenzake zaidi ya mara moja kwa kuingia kwa sikio. Hakunijibu hata siku moja. Mimi ni kaka yake, na nilimlea nikimfundisha kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa.

Asubuhi ya onyesho Kijiti alikuja kwangu, hajanyoa, akasema ile ngoma inayosubiri tarumbeta inachosha. Tukate vipimo vinne, viwe ishirini badala ya ishirini na vinne. Niliketi mezani, nikabandika vipande vya karatasi juu ya namba za wapigaji wengine wote thelathini. Karatasi ya baba yako sikutaka kuibandika. Ilikuwa na alama za mafuta ya saa kila pembe, na nilitaka siku yake awe na karatasi safi. Nikaiandika upya yote kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaandika ishirini na nne.

Niliisoma mara mbili, mwanangu. Macho yangu yalikuwa mazima, wala sitayasingizia. Mkono uliokwisha kuandika namba moja kwa miezi miwili uliiandika tena, na mimi nilikuwa natazama uzuri wa mwandiko.

Tulipiga uwanjani, chini ya mnara wenyewe, saa kumi alasiri. Baba yako alifika wa mwisho, kwani alikuwa juu akihakikisha saa haituaibishi. Pindo la shati lake lilikuwa na mafuta. Kijiti aliwaambia kuna mabadiliko kwenye Mnara, wafuate karatasi, wasifuate mazoea. Baba yako akapokea karatasi yake kutoka kwangu, akanishukuru kwa jinsi ilivyo safi.

Vipande vinne vilikwenda salama. Kikaja cha tano. Kengele, kimya, ngoma. Ngoma ikafika ishirini na kunyamaza, na tarumbeta halikulia. Nilikuwa nimesimama pembeni kwenye sanduku la karatasi, nikamwona. Aliliinua tarumbeta mpaka mdomoni, maana sikio lilikwisha kumwambia. Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akalishusha.

Vipimo vinne ni sekunde kumi na sita. Hesabu sekunde kumi na sita mbele ya umati ulionyamaza, uone zilivyo ndefu. Ya tano mtu alikohoa. Ya nane sauti ikatoka nyuma: "Mtunza saa, jitie ufunguo!" Uwanja ukaangua kicheko. Kijiti alitaharuki, akawapa wengine ishara waingie, na wakati huohuo baba yako, kwa mujibu wa karatasi yake, alianza. Sauti zikagongana kama sahani zilizoanguka. Akapiga noti tatu, akaacha, akakaa.

Kilichofuata kilitoka kwangu vilevile. Muuza nyama alimpa jina, Saa Mbovu, akidhani ni mzaha wa siku mbili. Lilimfuata mtaani. Watoto waliokuwa wakimwuliza saa ngapi kwa adabu wakawa wanamwuliza kwa kucheka. Kamati ya bendi ikaona kiti cha kwanza cha tarumbeta apewe mwingine, na nani mwandishi wa barua za kamati? Niliandika kwamba ameondolewa kwa kukosa umakini. Ilikuwa barua nzuri, fupi, haina doa. Nilimpelekea kwa mkono wangu. Aliisoma mlangoni, akaikunja, akanikaribisha chai.

Mwezi wa kumi manispaa ikafunga saa ya umeme juu ya mnara, baba yako akarudisha funguo. Hapo kikaja kifua. Nilikwenda kumwona kila Jumapili, na kila Jumapili, Mungu anisamehe, sikukosa neno la kumfundisha. Hesabu kwa vidole, nilimwambia, mimi nilikwambia siku zote. Naye alikuwa kitandani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliona wake mwepesi kiasi cha kuuongezea. Mwezi wa kwanza tulimzika. Kazi haikukuruhusu kuja, hilo hakuna anayekulaumu.

Sasa, wiki tatu zilizopita, Kijiti aliamua onyesho lirudiwe, Jumamosi ijayo, akanipa kitabu kikuu na kuniagiza nikusanye karatasi za zamani. Nikaenda kwa mama yako kuchukua jalada la baba yako. Lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kamba kama alivyofunga kila kitu, fundo moja tu. Nikaifungua karatasi ya Mnara palepale mezani.

Wapigaji wa zamani wana desturi. Juu ya namba ya kunyamaza huchora vijistari vya penseli, kimoja kwa kila kipimo, ili jicho lisaidie kuhesabu. Baba yako alivichora siku ile alipopokea karatasi, katika dakika chache alizokuwa nazo. Nilivihesabu nikitaka kuona alikosea wapi. Vilikuwa ishirini na vinne, vimenyooka kama meno ya kitana. Chini yake namba, mwandiko wangu. Nikarudi nyumbani kwa goti hili hili, nikafungua kitabu kikuu, nikaona ishirini. Nikakaa.

Jambo moja sikulielewa. Vijistari vinne vya mwisho vilikuwa vimezungushiwa duara dogo la penseli.

Kesho yake nikarudi kwa mama yako nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua. Akaniambia baba yako alikwenda kwa Kijiti siku ya pili baada ya onyesho, akaomba kutazama kitabu kikuu, akarudi, akachora duara lile, akafunga jalada. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, na kwa nini yeye mwenyewe hakusema. Hapo ndipo aliponitazama.

"Alinikataza, shemeji. Alisema kaka ataiona mwenyewe, maana hakuna kosa linalompita. Kila Jumapili ukibisha hodi, alijiinua kwenye mto akaniambia, leo amekuja kusema. Kisha unaanza kumfundisha kuhesabu."

Nilihesabu baadaye. Zilikuwa Jumapili kumi na moja.

Alhamisi nilikwenda mazoezini. Nilikuwa nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja, nikaona mwandiko ni mzuri mno, nikayaacha mfukoni. Nilisimama mbele yao nikasema kwa mdomo: aliyekosa ni mimi, karatasi hii hapa, ipitisheni. Ikapita mkono kwa mkono, na mabaki ya mafuta kwenye pembe moja. Kijiti aliishika muda mrefu, akasema yeye naye angepaswa kujiuliza kwa nini mtu alikuja kutazama kitabu chake. Muuza nyama ilipomfikia aliinamisha kichwa, na unajua yule huwa hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni.

"Mzee, lile jina nilimpa mimi," akasema. "Sasa nani atalichukua?"

Nikamwambia nimelichukua mimi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita hivyo mbele yangu. Nyuma yangu nadhani wanaita, na ni haki yao.

Niliomba kuacha unakili. Kijiti akakataa, akasema nani mwingine atafanya kabla ya Jumamosi. Kwa hiyo bado naandika, lakini kila karatasi sasa inasomwa na mtu wa pili kabla haijatoka. Msomaji wangu ni mpiga klarineti, binti wa miaka ishirini, na jana alinirudishia mbili. Nilizirekebisha.

Nimeandika barua nyingine ya kuifuta ile ya kamati. Ya zamani nimemwachia mama yako aifanyie atakavyo. Aliitia jikoni chini ya sufuria. Maji hayakuchemka haraka zaidi.

Na Jumamosi itakuwa hivi, nataka uijue saa hiyo ukiwa kazini kwako. Ngoma itafika ishirini na kunyamaza. Kisha hakuna atakayepiga kitu kwa vipimo vinne, sekunde kumi na sita, na kiti cha kwanza kitakuwa kitupu. Baadaye mpiga tarumbeta wa pili, aliyepewa kiti hicho, ataanza akiwa kwenye kiti chake cha zamani. Kwenye ratiba iliyochapishwa, chini ya Mnara wa Saa, kuna mstari mmoja ambao niliuandika mimi nao ukasomwa na mtu wa pili: "Kimya hiki ni kosa la mnakili. Mpiga tarumbeta alihesabu sawasawa." Nitasimama palepale kwenye sanduku la karatasi, mahali ambapo kila mtu ananiona. Safari hii wakicheka, mwenye kuchekwa atajulikana.

Tarumbeta uliloliomba lipo kwa mama yako, limefungwa katika shuka. Atakuletea atakapopata safari. Usiliagize kwa posta, linapinda.

Mama yako anakusalimu na anasema uandike barua ndefu kuliko ile ya mwisho. Kijiti anakusalimu, na bado anakumbuka kwamba jina lile ulimpa wewe. Muuza nyama ameniomba nikupe pole, akaniomba tena nilipofika mlangoni, kama mtu asiyeamini kwamba nimesikia. Mpe salamu zangu mwenzio unayeishi naye chumba kimoja, yule wa maabara, na umwambie akukalishe ule.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hilo ni jambo la uso kwa uso, na huenda goti hili au miaka yangu isiniruhusu. Nakuomba jambo dogo zaidi: ukiulizwa huko kuhusu baba yako, sema hakuwahi kuchelewa.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea karatasi yake ya Mnara, pamoja na vijistari na duara. Nilishika kalamu mara tatu ili niisahihishe ile namba, na mara tatu nikaiweka chini. Ni yako sasa. Ni karatasi ya kwanza ninayoitoa nyumbani kwangu nikijua ina kosa.

Mungu akulinde katika zamu zako zote, akupe usingizi ukitoka kazini na mtu wa kukufungulia mlango ukirudi.

Ni mimi ninayekupenda,
Baba yako mkubwa.