Ndoo ya Baba na Breki Zako

Gereji, nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kitinda,

U hali gani, mdogo wangu? Wifi yangu amepata nguvu? Na huyo bwana mdogo aliyenipandisha cheo nikawa shangazi, analala usiku au anawakesha? Sisi huku hatujambo. Mama miguu bado inamsumbua na safari ndefu haiwezi tena, ila mdomo ni mzima, na hiyo ndiyo afya yake.

Picha ya mtoto imefika. Mama anamwonyesha kila apitaye mlangoni, hata muuza mkaa, ambaye siku hizi anapita njia nyingine. Anasema mjukuu amechukua paji la uso la marehemu baba. Mimi nimeona masikio tu, na ni yako, pole zake.

Sasa nije kwenye gari. Umesema ukiwa mbio barabara kuu halafu ukakanyaga breki, usukani unatetemeka mpaka wifi anakushika bega. Fundi wa huko alikuwekea diski mpya za breki za mbele, ukapata raha kwa muda, kisha mtetemo ukarudi. Na bado unataka kuja nalo mwezi ujao, na ule mteremko wote, mtoto akiwa nyuma! Kitinda, mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo nakwambia wazi: gari hilo lisimbebe mtoto wetu likiwa hivyo.

Lijaribu kwanza, ukiwa peke yako, kwenye barabara tupu iliyonyooka. Ongeza mwendo bila kugusa breki. Likitetemeka hapo, ni matairi, yakabalansiwe yazunguke sawa. Likitulia mpaka unapokanyaga, ni breki. Usukani ukicheza, tazama mbele. Ukiusikia mtetemo kwenye kiti zaidi, tazama nyuma. Kwa maelezo yako ni diski za mbele, zimepinda kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Fundi asikisie, azipime kwa kipimo. Na nati za tairi azikaze kwa kupishana, zote sawasawa.

Lakini diski mpya zinapindaje upesi hivyo? Swali hilo lilininyima raha, na jibu nimelikuta kwenye picha ya mtoto. Wifi kasimama mbele kambeba mwana, na nyuma yake nani yule, suruali kaikunja hadi magotini, analimwagia gurudumu la mbele ndoo ya maji, mvuke unapanda? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha machozi yakanitoka.

Unamkumbuka baba. Hakurudi safari hata moja asimwite mama alete ndoo. Alikuwa akisema mgeni hunawishwa miguu, na gari lake lilinawishwa kabla yeye hajavua viatu. Tumerithi sote. Ila gari la baba breki zake zilikuwa zimefunikwa, na kwa mwendo wake hata kuku walikuwa na muda wa kufikiri. Zako ziko wazi, na ukitoka mbio zinachemka kama kikaango. Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi, kinapinda. Fundi wako umemwonea bure.

Basi badilisha diski zote mbili za mbele pamoja na pedi zake zinazozibana. Ukifika popote, liache gari lipoe kabisa ndipo ulioshe. Na kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo, usilalie breki. Haya yakikuchelewesha, chelewa.

Kumweleza mama hilo la kuchelewa ndiko kulikonitia hofu, maana kitanda chenu keshakitandika na kila asubuhi anakitandika upya. Nilipomweleza, aliinuka. Akaenda uani akijikongoja, akaitoa ile ndoo ya bati ya baba, ambayo hajamruhusu mtu kuigusa tangu tumzike, akakaa kwenye kigoda akaanza kuisugua kwa majivu.

"Mwambie asiharakishe, nitangoja," akasema. "Gari likija likae lipoe. Ndoo hii sasa ni ya kumwogeshea mjukuu wangu."

Nimeiona sasa hivi imeanikwa juani, inang'aa.

Mjomba Kipara anakusalimu, na binamu zako mapacha wanamsalimu wifi sana. Mbusu mtoto masikio yote mawili kwa niaba yangu. Mungu awafungulie njia, awafikishe salama mlangoni kwa mama.

Ni mimi dada yako akupendaye, mikono ikiwa na grisi kama kawaida,

Fundi