Mistari Miwili Mlangoni pa Mdiria

Mama,

Nakuomba haya usimwambie mtu, hata Bibi mkiwa pamoja huko. Mambo ya jaladani hayatoki nje ya ofisi, na Bibi hakujua kunyamaza.

Tangu tukuzike, bustani yako ya mchicha pale Mnyuzi imejaa magugu. Wale mdiria wako wapo. Bado wanapigapiga mabawa juu ya mto, weusi kwa weupe, kisha wanajitupa majini kama jiwe na kuibuka na samaki. Ni kwa ajili ya ukingo wao nakuandikia.

Wiki iliyopita nililetewa ripoti niichape. Kuna watu wanaomba kibali cha kuchimba mchanga pale, na mkaguzi wetu ameandika kwamba ukingo una mashimo ya panya tu. Nikachapa, Mama. Neno kwa neno. Karani huchapa anachopewa.

Lakini nilikumbuka ulivyonishika shingo ukaniinamisha mbele ya shimo: "Weye na shule yako yote! Panya gani anaacha mistari miwili mlangoni?" Kumbe ni miguu ya mdiria, akiingia na kutoka anaiburuta. Ndani kabisa, mbali kuliko mkono wako ulivyofika, ndiko anakotagia mayai yake meupe. Ukaniambia kwenu Handeni mdiria huja lambo likijaa maji ya mvua, wakavua, ila wakikosa ukingo wa kuchimba hurudi huku kuzaa. Na kwamba mtoto wa mwaka jana hubaki kumsaidia mama yake kulisha wadogo zake. "Wengine huenda Manundu kupanga chumba," ukanisema mimi niliyehamia mjini, ukacheka peke yako.

Jumamosi nilikwenda. Mistari ipo, mibichi. Nikapiga picha, nikaandika ukurasa mmoja kwa jina langu, na jana nikaubana kwenye ile ripoti. Kesho asubuhi naitwa kwa mkuu. Kazi hii ndiyo inayomsomesha mdogo wangu, unajua. Lakini sitasema ni panya.

Pumzika, Mama. Magugu nitayang'oa, niwe na kazi au nisiwe nayo.

Ukinitaka, usinitafute kaburini, pale huwa nalia tu. Njoo bustanini Jumamosi, jua kabla halijawa kali. Usiniite kwa sauti, utawafukuza. Fuata ukingo polepole. Utanikuta nimeinama.